Muheshimiwa Aliyeingia Ziwani na Viatu

Vijana wa Shasha, pamoja na ninyi mnaoshuka kila Jumapili kutoka Sake na Masisi mkiwa na simu ndani ya mfuko wa plastiki, nawaona. Nimekaa kwenye kibaraza changu juu ya barabara, pamba masikioni, nawatazama mkizamisha simu majini na kumkimbiza samaki kama watu wanaofukuza kuku wa sikukuu. Kisha mnaketi juu ya mawe meusi na kula mandazi. Hakuna aliyeniomba mashauri. Ndiyo maana nayatoa kwa wingi.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha viumbe wanaoishi kwenye mawe ya ziwa letu, pale mawe ya volkeno yalipoingia majini na kukataa kutoka. Nilielea juu ya maji na maske ya kioo usoni, mpira wa kupumulia mdomoni na kamera mkononi, nikatazama chini. Ni kazi ya mtu anayelala kifudifudi, na mama yangu alikufa bila kuamini kwamba nilikuwa nafanya kazi. Nimeiacha kwa sababu masikio yamekataa. Daktari anasema maji yameingia humo kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Shauri la kwanza, na wenye haraka ya mandazi wanaweza kuishia hapa: ukimpiga kiumbe picha, usimkate miguu. Kama hana miguu, usimkate mkia. Najua mnacheka. Lakini hayo mawe mliyoketi juu yake yalikuwa yamekwisha kuwekewa alama ya kuvunjwa, yawe kokoto. Yapo mpaka leo kwa sababu mtu mmoja mkubwa hakutaka kukatwa miguu kwenye picha. Ili mnielewe, tupande kwanza Muheto.

Muheto ni kijiji cha mlimani, kule Masisi. Watu wetu walilima maharagi na mihogo, wakasali Jumapili, na maji waliyoyafahamu yalikuwa ya mvua. Bahari yangu ya kwanza ilikuwa ya kitambaa. Ilikuwa mali ya Papa Anselme, mpiga picha wa soko, aliyenifundisha kazi. Aliitundika siku za soko kati ya mikaratusi miwili: maji ya bluu kali, mawimbi kama meno ya msumeno, na katikati samaki mkubwa mwenye tabasamu akiruka hewani. Mchoraji wake wa Goma hakuwahi kufika baharini. Papa Anselme hakuwahi kufika. Wateja nao hawakuwahi. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi wowote juu ya bahari ile.

Mbele yake walisimama maharusi, watoto wa komunyo ya kwanza, na wakulima walioshika redio ya kuazima. Nyuma bahari, chini tope la Muheto. Tope halikuwa kitu. Muhimu viatu vionekane. Siku moja nilimpiga mzee mmoja picha ya uso, karibu sana, kila kunyanzi mahali pake. Nilijisifu moyoni. Soko lililofuata alirudi nayo.

"Papa Anselme, mwanafunzi yako amenikata miguu. Mi nilikuya hapa kwa kutembea, ao nilibebwa?"

"Ulitembea, Papa."

"Sasa siku nitakufa, batoto bataangalia hii picha, batasema baba alikuwa nusu muntu."

Papa Anselme alimpiga upya mwenyewe, toka kofia mpaka ndala. Mzee alipoondoka, akanigeukia bila hasira. "Deo, sura kila muntu iko nayo. Miguu njo inaonyesha amesimama wapi." Kisha akanituma nifute kona ya kitambaa, maana mbuzi alikuwa amelamba bahari. Labda alisikia kwamba ina chumvi.

Kuingia majini kwenyewe kulikuwa ajali ya kiofisi. Mtafiti mmoja, mama mpole kutoka Bukavu, alikuja Shasha kuwajua samaki wa mawe na alihitaji mpiga picha. Wa Goma walimwuliza kama kutakuwa na harusi. Mimi nilikuwa nimeshuka kwa ajili ya picha za ubatizo. Akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamjibu kwamba najua kupiga picha. Akaandika kwamba najua.

Aliyenifundisha kuogelea ni Mama Vumilia. Wengi wenu mnamjua kama bibi anayewafukuza mkitupa chupa majini. Wakati ule alikuwa mkubwa wa wamama wanaonunua, kukausha na kuuza samaki hapa Shasha. Alizaliwa hatua chache kutoka majini na aliogelea kama watu wengine wanavyopumua. Alinishika kwenye mkanda wa suruali, akaniburuta kati ya mawe mbele ya wateja wake wote.

"Papa Deo, unaogelea sawa mufuko ya maharagi."

"Nifanye nini, Mama?"

"Acha kupigana na maji. Haikukutukana."

Hiyo ndiyo elimu yote ya kuogelea niliyopata, na sijaona kitabu kilichoongeza jambo. Mengine nimejifunza kwa kukosea, nawapa bure. Maske mpya isugueni kioo kwa dawa ya meno, na kila siku temeeni mate ndani kabla ya kuivaa, mkisuuza kidogo, la sivyo mtaona ukungu na kurudi nyumbani mkidai mmeona mengi. Ingieni jua likiwa limepanda, kwa sababu jiwe jeusi linameza mwanga, na samaki wa kahawia juu ya jiwe jeusi ni kama muuza makaa ndani ya jiko. Msimjie samaki kutoka juu. Kivuli cha juu kwake ni mnandi au mdiria, ndege wanaokula bila kusalimu. Mjieni kwa ubavu, mkipumua polepole, mkijifanya mna shughuli zenu.

Na kabla ya kuingia majini, angalieni mnapovulia nguo. Upande wa Sake kuna mazuku, hewa nzito isiyo na rangi inayolala kwenye mashimo ya chini. Mbuzi akishuka humo hatoki. Mtu aliyechoka akijilaza humo apate kivuli, naye hivyo hivyo. Mkiona ndege au panya amekufa shimoni, msishuke kumpiga picha. Hapo hata miguu yake mnaruhusiwa kuikata.

Samaki wetu wa mawe wana urefu wa kiganja. Wengi wana rangi ya udongo. Madume wakati wa kuoa hujipaka bluu kidogo, kama vijana wa Sake siku ya mpira. Lakini tazameni jike. Mayai yake hayaachi ovyo kwenye mawe. Anayachota mdomoni, anayatunza humo mpaka yanakuwa watoto, na siku zote hizo hali kitu. Watoto wakishajua kuogelea anawatema karibu na ufa wa jiwe. Hatari ikitokea anafungua kinywa, wanarudi wote ndani kama wanafunzi waliosikia kengele. Nilipomwonyesha Mama Vumilia picha ya kwanza ya jambo hilo, alifuta magamba mikononi kwanza, ndipo akaishika.

"Njo mama wa Shasha huyu," alisema. "Kinywa imejaa batoto, na bado banamuuliza ju ya nini hasemi."

Samaki hao niliwapiga kama Papa Anselme alivyonifundisha, wima kwa ubavu, toka pua mpaka mkia, na kipande cha jiwe chini. Mtafiti alifurahi, yeye alitaka samaki mzima. Wengine walinung'unika. Mradi mmoja uliniomba jicho tu, jicho kubwa lenye huruma, la kuweka kwenye ukuta wa ofisi. Niliwapelekea jicho pamoja na mwenye jicho. Hawakuridhika. Walipochapisha kalenda ya ziwa letu, mwezi wa kwanza ulipambwa na samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, mwenyeji wa maji ya chumvi. Nilipouliza, kijana wa ofisi alinijibu kwa upole kwamba samaki wetu hawaonekani vizuri. Nikamwambia hiyo ndiyo siri yao ya kuishi.

Hata kwenye barieri, vile vizuizi vya wenye bunduki barabarani, kanuni ya miguu ilinisaidia. Barieri zimebadilika mara nyingi kwenye barabara hii, na wenye kuzishika pia, lakini maswali ni yale yale.

"Papa, iko nini mu hiyo sanduku?"

"Samaki."

"Fungua tuone." Nikafungua. "Sioni samaki. Naona aparei."

"Wamo ndani."

Mkubwa wao alitazama picha moja moja, akiuliza kila samaki anafanya nini pale na ametoka wapi. Samaki mmoja alimtilia shaka; alisema anaangalia vibaya. Nilipofikiri sasa kamera inabaki, alisimama kando ya barabara, akavuta shati. "Nipige na mimi. Lakini buti ionekane. Iko mupya." Nikampiga mzima. Tangu siku hiyo nilipita hapo kama padri.

Basi, sasa Muheshimiwa. Jina lake silitaji. Wekeni lolote mnalotaka, litamwingia vizuri. Alikuwa mtoto wa mlimani aliyepata cheo mbali, na alirudi na wazo: pale penye mawe meusi patengenezwe plaji, mchanga mweupe uletwe kwa magari, viti vya plastiki, miavuli, muziki. Mawe yavunjwe yawe kokoto za kujengea baa. Wapimaji walikuja wakachora misalaba ya chokaa juu ya mawe, kila jiwe msalaba wake, ungedhani ni makaburi ya watu ambao hawajafa.

Kwa Mama Vumilia na wenzake mawe yale hayakuwa mandhari. Katika nyufa zake samaki walitemea watoto wao. Nyuma yake mitumbwi ilijificha wimbi la mchana. Yakiondoka, samaki wangeondoka, na wamama wangeambiwa wauze soda. Walikwenda kwa Muheshimiwa, wakapewa kamati. Walikwenda kwa kamati. Wakaambiwa maoni yao yamepokelewa vizuri sana. Mama Vumilia alirudi kutoka kikao cha mwisho akiwa na kofia yenye jina la plaji.

"Bamesema nini?" nilimwuliza.

"Bamesema banatupenda. Mashini ya kuvunja inakuya siku ya kufungua."

Wiki hiyo hiyo Muheshimiwa aliniita mimi. Alitaka picha za chini ya maji za kutangaza plaji, wageni wajue kuna viumbe. Nikamwekea picha zangu mezani. Alizipitia kama mtu anayetafuta mfupa kwenye chungu cha sombe, ile mboga ya majani ya mihogo.

"Papa Deo, hizi zote ziko kidogo."

"Ndivyo walivyo, Muheshimiwa."

"Na ile kubwa? Ile inarukaka juu ya maji, inacheka?"

Niliziacha picha zangu mezani. "Muheshimiwa, wewe ulipigwa picha ya komunyo ya kwanza wapi?"

"Muheto, ku soko. Kwa mzee Anselme." Uso wake ukalainika. "Donc unaijua ile samaki."

"Naijua. Niliifuta tope mara nyingi."

Nilimweleza kwamba samaki yule ni pomboo, hunyonyesha, huvuta hewa, huishi kwenye maji ya chumvi, na kwamba katika ziwa letu hakuwahi kuonekana hata kwa bahati mbaya. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, halafu akasema basi nitafute vizuri zaidi. Mshauri wake, kijana mwembamba mwenye simu mbili, ndiye aliyemwokoa. Alisema kama hakuna mnyama mkubwa ndani ya maji, si Muheshimiwa mwenyewe aingie? Kiongozi chini ya maji, katikati ya samaki. Hakuna mwenzake aliyewahi kufanya vile. Muheshimiwa aliangalia dirishani kwa muda, akajiona.

Siku ya picha alishuka na gari tatu. Alikuwa amevaa suruali ya kaki, shati jeupe na viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'aa kuliko ziwa. Nilimwomba avivue.

"Papa Deo, muntu mukubwa hapigwe picha na miguu wazi. Na usinikate. Mama yangu iko na picha yangu ya komunyo, viatu vinaonekana mupaka ku kamba. Hii ikuwe vile vile."

"Sitakukata, Muheshimiwa. Mimi nilifundishwa na huyo huyo."

Nilichagua jiwe lililozama upande mmoja, pana, ambapo maji hufika shingoni. Sikulichagua kwa ujanja. Lilikuwa na mwanga mzuri. Muheshimiwa alisimama juu yake, akavaa maske yangu ya akiba niliyoitemea mate kwa uangalifu kuliko siku zote, akavuta pumzi, akainama. Maji yakamrudisha juu. Watu wanene huelea. Si dharau, ni sayansi. Akajaribu tena, akaelea tena, viatu vikitokeza nyuma kama bata wawili. Wamama juu ya mawe walikuwa wameacha kukausha samaki.

"Muheshimiwa, acha kupigana na maji," alisema Mama Vumilia kutoka juu. "Haikukutukana."

Mwishowe walinzi wawili waliingia na magwanda yao, wakamkandamiza mabega mmoja huku mmoja kule, wakijitahidi wasionekane. Nilizama mbele yake. Chini kulikuwa kimya. Muheshimiwa alisimama mzima, magoti yamekunjwa kidogo, mashavu yamejaa hewa, mkono mmoja juu akipungia wananchi ambao hawakuwako. Viatu vyake vilikuwa vimekwangua ukoga wa jiwe, na samaki wa jirani walikuja mbio kula. Kati ya viatu, kwenye ufa, jike mmoja alikuwa ametoka kutema watoto. Vumbi lilipomfikia alifungua kinywa na watoto wote wakaanza kuingia. Pembeni, pale jiwe lilipopanda kutokeza juu ya maji, ulionekana msalaba wa chokaa ambao maji hayakuwa yameumaliza.

Nilipiga. Kofia hakuwa nayo, lakini toka nywele mpaka kamba za viatu, alikuwemo wote.

Hiyo ndiyo picha bora ya maisha yangu, na nasema hivyo bila furaha, maana niliingoja miaka mingi nikidhani itakuwa ya samaki.

Ilikwenda Goma ikachapishwa kwenye turubai kubwa kama ukuta wa kanisa. Mchapishaji aliongeza samaki anayeruka anayecheka, kwenye kona ya juu, kwa agizo. Chini wakaandika: MUHESHIMIWA, RAFIKI YA SAMAKI. Kabla ya kuitundika, mshauri mwenye simu mbili aliniita kando. Alikuwa ameuona msalaba.

"Papa Deo, tukate hapa ku magoti. Hii jiwe italeta maneno."

"Mwulize mwenyewe."

Alimwuliza, mbele yangu. Muheshimiwa alimtazama kama mtu aliyeambiwa akatwe miguu na daktari asiyemjua.

"Mimi nikuwe nusu muntu barabarani? Watu wa Muheto bapite hapa na basi, baone niko na magoti tu?"

"Basi tufute jiwe peke yake, tuache miguu."

"Nisimame ku nini? Ku hewa? Mi niko malaika?"

Kwa hiyo bango likasimamishwa kando ya barabara jinsi lilivyo, viatu juu ya jiwe, jiwe na msalaba wake.

Mama Vumilia alikuja kulitazama asubuhi hiyo na beseni kichwani. Hakulitua. Aliliangalia toka chini kwenda juu, ambayo ndiyo njia sahihi ya kuangalia picha, na alipofika kwenye yale maandishi akaanza kucheka kimyakimya mpaka samaki wakatikisika.

"Huyu amejifunga mwenyewe," alisema. "Sasa tumushukuru."

"Kwa nini? Mashine inakuja keshokutwa."

"Njo vile. Tumushukuru mbele."

Vijana, kama mmekulia mjini hamjui kushukuru mbele, na ni hasara kwenu kuliko kutojua kuogelea. Mimi niliona jambo hilo likifanyika Muheto nikiwa mdogo. Daraja lilivunjika, mkubwa wa pale akasema ataliangalia, miaka ikapita akiliangalia. Ndipo wamama walipomwendea Jumapili baada ya misa, wakiimba, na kuku na kikapu cha maharagi, kumshukuru kwa daraja jipya. Alipojaribu kusema daraja bado, waliimba kwa sauti zaidi. Kuku akapokewa mbele ya padri na kanisa zima. Mtu aliyepokea kuku hana njia nyingine tena. Daraja lilijengwa kabla maharagi hayajaisha chunguni.

Siku ya kufungua plaji, mashine ya kuvunja mawe ilikuwa imeegeshwa barabarani, dereva wake amelala ndani. Kulikuwa na hema, viti, waheshimiwa wadogo, na mwandishi wa redio mwenye kinasa sauti. Mimi nilikuwa na kamera. Nilijua, kama mlivyokwisha kujua ninyi, kwamba kama hotuba ingesomwa kama ilivyoandikwa, yule dereva angeamshwa, na mchana Mama Vumilia asingekuwa tena na mahali pa kununua samaki.

Hotuba haikufika ukurasa wa pili. Wamama walitokea chini ya mawe wakiwa na kitenge cha aina moja, wakiimba. Wimbo ulikuwa mpya, na maneno yalisikika mpaka barabarani: aksanti baba, umesimama juu ya jiwe letu, umesema jiwe lisiguswe, samaki wamekuja kusalimu viatu vyako. Mbele alikuwa Mama Vumilia na jogoo mwekundu kwapani. Nyuma yake kikapu cha maharagi kilichopandishwa na kushushwa milima kutoka Muheto, maana alitaka kiwe cha nyumbani kwake Muheshimiwa.

Mshauri aliinuka. "Mama, tafadhali, bado..."

"Tunakushukuru na wewe, mutoto yangu," alisema Mama Vumilia, bila kusimama. "Muheshimiwa, watu walituambia utavunja mawe. Tukasema bongo, ni uongo tu. Muntu anaeza vunja jiwe kwenye amesimama? Si picha iko pale? Redio iko hapa, iandike: hatukuamini ile maneno ata kidogo."

Mwandishi wa redio alisogeza kinasa sauti. Jogoo alinyooshwa, mkia ukigusa shati la Muheshimiwa. Muheshimiwa alitazama jogoo, akatazama bango lake mwenyewe lililokuwa nyuma ya hema, akapunga mkono bila kujua, vile vile kama chini ya maji. Nilikuwa nimeweka jicho kwenye kamera. Niliona mikono yake ikiinuka, ikisita, ikishuka kidogo. Mama Vumilia hakusogea. Jogoo wa mlimani ni mzito, naye alimshikilia hivyo hivyo kwa mikono miwili.

Muheshimiwa akampokea.

"Wamama," alisema, na akakunja hotuba. "Kusema kweli, hii maneno ya mawe mi mwenyewe njo nilianza kuiona. Nikasema hapana. Nikasema, samaki iko na batoto pale. Nani alizania kiongozi hawezi kuona ndani ya maji?"

Walipiga vigelegele. Alizungumza juu ya watoto wa samaki kwa muda mrefu na kwa uchungu wa kweli, mambo mengi nikiyasikia kwa mara ya kwanza. Dereva wa mashine aliamshwa, akapewa sahani ya maharagi, akaelekezwa barabara ya kurudi. Plaji ilijengwa upande mwingine, penye nyasi, na msimu wa mvua uliofuata ziwa lilikuja kuuchukua mchanga wake wote bila kuhitaji kamati.

Jioni nilimkuta Mama Vumilia ameketi juu ya jiwe lile, miguu majini.

"Ungefanya nini kama angekataa jogoo?"

"Angekataa aje? Ilikuwa inamutia mavi ku shati."

Muheshimiwa siku hizi yuko kwenye kamati nyingine, mbali, na nasikia anafahamika huko kama mtaalamu wa samaki. Wala sina neno. Wapo waliofahamika kwa mabaya zaidi, tena bila kulowa.

Bango mnalijua, ingawa hamkujua kwamba ni bango la mtu. Upepo wa ziwa ulianza na yule samaki anayeruka. Hakuwa na mizizi hapa. Kisha mvua ililegeza kamba za juu, na familia moja iliyokuwa imepanda na kushuka na vita mara nyingi, ikafika hapa bila kitu, ikakata sehemu ya juu kufunika jiko. Hakuna aliyewakataza. Kipande cha chini kilibaki kwenye miti yake, na ndipo mnapowaambia wenye pikipiki, "Unishushe ku Viatu." Mnashuka pale, mnavuka barabara, mnakuja kwenye mawe na simu zenu. Siku moja simameni hapo kidogo kabla ya kuvuka. Kati ya viatu, jike bado amefungua kinywa, na watoto bado wanaingia. Kichwa cha Muheshimiwa kinazuia mvua kwenye sombe ya watu. Miguu yake ndiyo inayoshikilia mawe.